Kauli ya Lucius Mabry

Mwaka ule Alhamisi ya maandazi iliangukia siku ileile ya mwisho wa kuhamisha wachezaji. Sisi Wapolandi wa Pittsburgh tuna Alhamisi moja kabla ya Kwaresima ambayo hakuna anayejali unene. Tunakula maandazi yenye jamu ndani mpaka vidole ving'ae mafuta. Alfajiri nilipanga foleni kwenye duka la mikate la mtaani kwetu, nikanunua boksi mbili, nikaziweka katikati ya meza ya mikutano ofisini. Hadi saa tano asubuhi hakuna aliyekuwa amegusa hata andazi moja. Wanaume kumi na wawili, kila mmoja na simu mbili, na wote ghafla hawana njaa. Hapo nilijua siku itakuwa mbaya.

Naitwa Renata Wilk. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mtu wa hesabu wa Wahunzi, timu yetu ya mpira wa kikapu. Watu wakisikia hivyo huniuliza kama niliwahi kucheza. Sijawahi, na mpira wenyewe sijui hata kuudundisha. Kazi yangu ilikuwa kuandika mikataba, kujua kila mchezaji analipwa nini, na tukimtoa huyu tukamleta yule tutasimama wapi. Maana ligi yetu haimwachii tajiri amwage pesa apendavyo. Kuna kikomo cha mishahara, na juu ya kikomo kuna mstari wa kodi; ukiuvuka, kila dola uliyozidisha unailipia ligi dola nyingine na ushee. Siku ile tulikuwa juu ya mstari kwa milioni nne na laki moja.

Mwenye timu, mzee aliyetajirika kwa kutengeneza maboksi ya karatasi, alikuwa ameshasema tangu Krismasi kwamba hatalipa kodi kwa timu inayoshika nafasi ya tisa. Huwezi kumlaumu sana mtu kwa hilo. Mimi nilimlaumu hata hivyo.

Kwa hiyo ilibidi mtu aondoke kabla ya saa tisa alasiri, saa ambayo ligi hufunga mlango. Nilikuwa nimepiga hesabu wiki tatu mfululizo, na kila nilipozigeuza zilinirudisha kwa watu walewale wawili. Wengine wote mishahara yao ilikuwa mikubwa. Ukimtoa mmoja lazima upokee mwingine wa bei karibu sawa, na hapo hujapunguza kitu. Waliobaki walikuwa Tavion Oyler, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Georgia, mwenye mshahara wa milioni nne na laki nne, na Lucius Mabry, mwenye milioni tano na laki mbili.

Oyler nilikuwa namjua kwa karatasi zake tu. Lucius nilimjua kwa maji yaliyolowesha zulia langu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, kumi na mitatu kati ya hiyo akiwa kwetu, na magoti yake ungeyasikia kabla hajakata kona ya korido. Kila baada ya mazoezi alikuja ofisini kwangu na mifuko ya barafu imefungwa magotini, akaketi kwenye kiti ambacho hakikumtosha, akatoa barua. Barua za kodi, za bima, za hospitali ya baba yake. Alikuwa hazifungui. Ananikabidhi tu.

"Wewe ndiye msomaji wangu, Bi Renata," alikuwa akisema. Wazazi wake walikuja Pittsburgh kutoka Alabama, na kule mwanamke aliyekuzidi umri huwezi kumtaja jina kavukavu.

"Na siku nikifa?"

"Utaniachia mtu. Lakini asiwe Garrick," akasema, akimtaja bosi wangu.

Baba yake, mzee Hosea, aliendesha basi la jiji miaka thelathini na moja. Alipofika sabini na sita, akili ilianza kumtoka, kwanza majina ya mitaa, halafu mkwewe, halafu mwanawe. Nyumbani, alikoishi nyumba moja na Lucius na mkewe Corinne, alimwita Lucius fundi wa gesi. Alimkaribisha kwa adabu, akamuuliza kama mita imeshasomwa. Lakini kwenye ukumbi wa mechi, taa zikizimwa na vijana wakitoka kwenye njia ya wachezaji wamevaa jezi nyeusi, mzee alisimama, akanyoosha kidole kwa Lucius, namba arobaini na nne, akamwambia yeyote aliye karibu, "Yule wangu." Mechi ikiisha Lucius alimfuata pale kitini na jasho lake, na wakazungumza. Marehemu mama yake Lucius, mbwa waliyewahi kufuga, njia ya basi namba sabini na moja. Dakika ishirini, siku nyingine thelathini. Lucius akishaoga na kuvaa koti lake, basi, fundi wa gesi amerudi.

Walijaribu jezi nyumbani. Mzee aliangua kicheko. "Mtu mzima huyu," alimwambia Corinne, "na kaptula sebuleni, mwezi wa pili!"

"Mechi za nyumbani ni arobaini na moja, Bi Renata," Lucius aliniambia siku moja, bila huzuni yoyote usoni, kama mtu anayenieleza ratiba. "Kwa hiyo mara arobaini na moja kwa mwaka mimi nina baba. Kuna watu wanao mwaka mzima na hata simu hawawapigii."

Ndiyo maana Julai iliyopita, timu mbili za kusini zilipompa karibu mara mbili ya tulichoweza sisi, alizikataa. Wakala wake alikasirika, wakaachana. Lucius akaja kwangu peke yake, akafunga mlango.

"Mimi sitaki pesa nyingi," akasema. "Mwaka mmoja tu, nimalizie hapa. Lakini nataka nisihamishwe. Nina kauli au sina?"

"Unayo," nikamwambia. "Ni mkataba wa mwaka mmoja na umekaa nasi miaka yote hii. Sheria ya ligi yenyewe inakupa kauli. Wakitaka kukutoa, sharti ukubali wewe."

"Kweli?"

"Lucius, nimewahi kukudanganya?"

Akacheka, akachukua karatasi za mkataba, akaondoka nazo. Ilikuwa sikukuu ya uhuru, watu wanachoma nyama barabarani. Baada ya siku mbili akazirudisha zimesainiwa kila ukurasa. Nilidhani zililala bila kusomwa kwenye kiti cha gari lake pamoja na karatasi za mikate.

Sasa turudi Alhamisi ile. Saa nane na dakika ishirini Garrick Stroud aliingia kwangu bila kubisha. Garrick ndiye alikuwa meneja mkuu, umri thelathini na tisa, katoka benki, anatafuna ubani tangu asubuhi mpaka jioni na anamwita kila mwanamke mama.

"Renata mama, San Diego wanamtaka mzee wetu," akasema, akimaanisha Lucius. "Jitu lao refu limevunjika mkono jana. Wanampokea kama alivyo, haturudishiwi mtu, na wanatupa haki ya kuchagua kijana mpya, raundi ya pili ya uteuzi wa ligi. Zawadi!"

"Na Oyler? Kansas City walisemaje?"

"Kansas City bado wapo. Wanamchukua Oyler, hawatupi kitu."

"Basi mpe Oyler. Milioni nne na laki nne. Tunashuka chini ya mstari kwa laki tatu."

"Laki tatu ni uzi wa nguo, mama. Akiumia mtu nikamsajili mwingine kwa mkataba wa siku kumi, nimerudi juu."

"Nimeshahesabu. Unaweza kusajili wawili wa siku kumi na bado uko chini. Nikuoneshe?"

"Usinioneshe." Akakaa kwenye kona ya meza yangu, jambo nisilolipenda. "Sikiliza. Oyler ana miaka ishirini na mbili. Goti moja la Mabry lina miaka sitini. Leo nikimtoa kijana nikabaki na mzee, kesho hata mama yangu mzazi atanipigia kuniuliza nina akili timamu."

"Mama yako hajui kikapu."

"Ndiyo ujue mambo ni mabaya kiasi gani."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Tulikuwa tumezoea hivyo, kupima watu na kutaniana. Mizani haioni haya, nasi tulikuwa tumeishi nayo muda mrefu.

Kisha akaacha kutafuna. "Lakini Mabry ana kura ya turufu, sivyo? Nilisikia hivyo. Nikimgusa akakataa, redio za mji huu zitanitafuna mwezi mzima. Kama anaweza kukataa, sitaki hata ajue tumemfikiria. Namtoa Oyler sasa hivi, tumalize, tule maandazi yako. Anayo au hana?"

"Anayo," nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nina ugonjwa mmoja, sijawahi kujibu swali la mkataba bila kuufungua. Nikaufungua kwenye kompyuta. Nikashuka mpaka ukurasa wa tisa, mahali ambapo mambo ya kuhamishwa huandikwa. Chini kabisa, mstari wa mwisho, ukasomeka: mchezaji, kwa hiari yake, anaiacha haki ya kukataa kuhamishwa.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikajua ulivyofika pale. Sheria inampa mchezaji wa namna ya Lucius kauli, lakini ina mlango wa nyuma: anaweza kuiacha haki hiyo iwapo imeandikwa. Mwaka uliotangulia mchezaji mwingine, Dembski, aliiacha ili aongezewe laki moja, na mimi ndiye niliyeandika mstari huo. Julai, katikati ya mikataba tisa ya wiki moja, niliufungua mkataba wa Dembski, nikafuta jina nikaweka la Lucius, nikafuta pesa nikaweka zake, nikabadilisha tarehe. Ndivyo tunavyofanya wote katika kazi hii. Hakuna anayeandika mkataba upya kutoka mwanzo. Mstari wa Dembski nikausahau.

Garrick alikuwa upande wa pili wa meza. Kioo cha kompyuta hakukiona. Mikataba haisomi, ndiyo maana alinilipa mimi. Ningesema anayo, angepiga simu Kansas City palepale, na ukurasa wa tisa usingefunguliwa na mtu yeyote mpaka Juni, mkataba ukaisha, ukatupwa kabatini.

"Hana," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningependa kusema ni uaminifu, na watu niliowasimulia wameniambia hivyo, eti Renata, ulifanya la haki. Hapana. Sehemu moja ni mazoea: miaka kumi na minane nikiulizwa mkataba unasema nini, nasema unachosema. Sehemu kubwa ni hofu. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, imebaki mitatu nistaafu, na katika zile sekunde mbili nilizopewa sikumfikiria Lucius hata kidogo. Nilijifikiria mimi, na mtu fulani siku fulani akifungua ukurasa ule na kusema, kumbe huyu mama alidanganya.

"Hana?" Garrick alisimama. "Una hakika?"

"Ameiacha. Imeandikwa."

"Renata, wewe ni malaika."

"Garrick, baba yake..."

"Najua baba yake. Unadhani mimi ni jiwe? Nimempeleka yule mzee chooni kwa mkono wangu, Novemba, Corinne akiwa amekwama kwenye theluji." Sauti ilimshuka kidogo. "Lakini nina mwenye timu pia. Na Oyler anaweza kuwa mchezaji kweli. Mabry amebakiza miezi miwili, halafu basi."

"Mechi kumi na saba za nyumbani."

"Umezihesabu?"

"Nahesabu kila kitu. Mpe Oyler, Garrick. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Aliniangalia kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonivunja nguvu, kwa kuwa huruma ya mtu aliyekwisha kuamua haina kazi. Alitoka tu, simu iko sikioni.

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningemkimbilia nimwambie ni kosa langu la kunakili, kwamba mtu huyu aliahidiwa vingine. Labda angebadili nia, labda asingebadili. Sikukimbia. Nilinyoosha karatasi mezani zilizokuwa zimenyooka tayari.

Saa nane na dakika arobaini na saba tulipiga simu ya ligi. Hivi ndivyo inavyokwenda: timu mbili na watu wa ligi wote kwenye laini moja, na mtu wa hesabu wa kila upande anasoma kwa sauti nani anakwenda wapi na kwa mshahara gani. Nilisoma. Mwanamke wa ligi, sauti kavu kama ya anayetangaza treni, akauliza, "Pittsburgh, mchezaji ana haki ya kukataa?"

"Hana," nikasema mara ya pili. Mara hii ilirekodiwa.

"Imekubaliwa. Asanteni."

Na kwa wasiojua sheria zetu: aliyehamishwa hawezi kurudi kwenye timu iliyomtoa msimu huohuo, hata akiachwa huru na wale waliompokea. Niliitazama sheria hiyo nikitafuta tundu, ingawa nilijua halipo. Nimewahi kuwaeleza vijana wa ofisini mimi mwenyewe, kwa majigambo, jinsi ilivyozibwa vizuri.

Ofisi ya Garrick ina ukuta wa kioo. Niliona Lucius akiingia na barafu zake magotini. Walimtoa kwenye chumba cha tiba. Niliona Garrick akiongea na Lucius akisikiliza, mikono juu ya mapaja. Sikuona hasira. Aliuliza swali moja, Garrick akajibu, Lucius akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa njia na ameielewa. Akasimama, wakapeana mikono. Alipotoka alipita mbele ya mlango wangu, ambao ulikuwa wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu hakuingia.

Jioni tulikuwa na mechi. Milango hufunguliwa mapema kwa wenye viti vya msimu, vijana wakiwa bado hawajaanza kupasha mwili, na wakati huo ukumbi ni mtupu, wafagiaji na wauza bisi tu. Saa kumi na moja nilishuka ngazi kwenda kutafuta hewa, nikamwona mzee Hosea kwenye kiti chake, safu ya tatu nyuma ya benchi letu, koti limefungwa vifungo vyote. Pembeni yake, kwenye kiti cha Corinne, alikaa Lucius, kofia ya sweta imefunika uso.

Nilisimama pale juu muda. Halafu nikashuka, kwa kuwa nilikuwa nimeshapanga maneno tangu saa tisa na yalikuwa yananiunguza. Nilitaka kumwambia yote: mkataba wa Dembski, haraka za Julai, mstari niliosahau kuufuta. Nilitaka anikaripie. Ukweli, nilitaka aniambie si kitu.

"Karibu, Bi Renata," akasema bila kugeuka. Alinitambua kwa viatu.

"Nilidhani uko njiani."

"Ndege ni kesho alfajiri. Huyu bwana alikuwa ameshavaa koti tangu saa sita mchana. Corinne alimwambia leo hakuna mechi, akaanza kulia. Basi nikamleta." Akamfunga baba yake skafu vizuri. Mzee akamshukuru kwa heshima.

Nikakaa safu ya nyuma yao. "Lucius, lile jambo la ukurasa wa tisa..."

"Chini kabisa," akasema. "Mstari wa mwisho."

Sikuelewa. "Garrick amekuonesha?"

"Garrick? Garrick hajui ukurasa wa tisa uko wapi." Alivuta pumzi. "Niliusoma Julai. Mara tatu. Corinne naye akausoma."

"Wewe huwa husomi."

"Barua za kodi ndizo sisomi. Huu ulikuwa wa baba."

Kule chini mfagiaji alikuwa anapitisha mopu pana juu ya mbao, huku na huko. Nilimtazama mpaka akafika upande wa pili.

"Kwa nini ukasaini?" nikauliza.

"Kwa sababu yako." Sasa aligeuka. Hakuwa amelia, lakini uso ulikuwa umechoka kama wa mtu aliyecheza mechi mbili mfululizo. "Karatasi inasema sina kauli. Bi Renata ananitazama machoni ananiambia ninayo. Corinne akasema, rudi kamuulize. Mimi nikamwambia, ukimuuliza utamtia matatani yule mama. Wakubwa wamemlazimisha kuandika hivyo, na yeye hawezi kunyanyua mdomo, lakini amenipa neno lake. Siku ikifika atajua la kufanya. Nikachukua lako, nikaacha la karatasi."

Miezi saba alitembea na imani hiyo. Alikuja ofisini kwangu, akanilowesha zulia, akanikabidhi barua za hospitali, na muda wote alikuwa akinitazama kama mtu aliyejitoa kwa ajili yake kimyakimya. Mimi nilikuwa sijui.

Maneno yangu niliyoyapanga yalikuwa bado yapo. Ningeyasema, angejua kwamba Julai hakuna aliyempa neno. Kulikuwa na karani mzembe na karatasi ya mtu mwingine, basi. Angeondoka Pittsburgh akijua kwamba katika jengo lile lote, kwa miaka kumi na mitatu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukusudia kumlinda. Nikaona afadhali aniite mwoga aliyevunja neno lake.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikupa neno langu. Leo Garrick aliponiuliza, nikaogopa."

Akageukia uwanja. "Kazi?"

"Kazi. Pensheni."

"Miaka mitatu imebaki."

"Mitatu."

Akaitikia kwa kichwa vilevile kama alivyofanya kule nyuma ya kioo. "Ningekuwa mimi pengine ningeogopa," akasema, na nilisikia kwamba hakuamini alichosema, alikuwa ananisaidia tu. Nililia pale. Sikufunika uso. Mzee Hosea aligeuka, akatafuta mifukoni, akanipa kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi, akarudi kutazama uwanja.

Wale wa kwanza wakatoka kupasha mwili. Jezi nyeusi, watano, sita, mipira ikaanza kudunda. Mzee alisimama upesi kuliko nilivyodhani anaweza. Akawatazama mmoja mmoja, kidole tayari kimenyooshwa hewani, kikitoka kwa huyu kikienda kwa yule. Hakikupata pa kutua. Alihesabu tena kuanzia mwanzo.

Akamwinamia Lucius. "Samahani, bwana fundi," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeona haya. "Macho yangu siku hizi. Hivi wangu ni yupi pale?"

Niliona mkono wa Lucius ukienda kwenye kofia ya sweta, ukaishika, ukaiacha. Kisha akasimama kando ya baba yake, akakishika kile kidole cha mzee kwa mkono wake, akakisogeza taratibu mpaka kikamfikia Tavion Oyler aliyekuwa akirusha mipira peke yake pembeni.

"Yule mrefu, mzee. Yule wako."

Mzee alimkazia macho. "Amekonda."

"Anafanya mazoezi sana."

"Magoti je? Alikuwa analalamika magoti."

"Yamepona."

"Mungu mwema," mzee akasema. Akaketi, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akaanza kumtazama Oyler.